"Nitupe Wapi, Mama?" Takataka za Hopitali na Usalama wa Jamaa Zetu

Ndugu msomaji, tuanze na jambo ambalo labda wewe mwenyewe umekwisha kuliona. Ni saa sita na nusu ya muchana, watoto wanatoka masomo. Wanapita nyuma ya dispanseri ya kartié, pale penye kilima kidogo cha takataka. Mmoja anainama, anaokota bomba la sindano. Analijaza maji, anawarushia wenzake, wote wanacheka. Anafika nyumbani na furaha.

— Mama, angaria! Nimepata shindano ya munganga!

— Yoo! Tupa ile kintu! Tupa sasa hivi!

— Nitupe wapi, mama?

Mama ananyamaza. Hajui la kujibu. Akisema "tupa inje", mtoto wa jirani ataiokota. Akisema "tupa mu choo", kesho mutu wa kutapisha choo atachomwa. Akiitia pamoja na maganda ya mihogo na majivu ya makala, mbwa ataipasua sashe na sindano itarudi barabarani. Swali la mtoto ni jepesi, lakini hata wakubwa wengi wangeshindwa kulijibu. Mwezi huu tutafute jibu pamoja, kwa sababu katika miji yetu ya migodi, toka Lubumbashi mpaka Lukafu kule upande wa Kundelungu, kila mahali penye kitanda cha mgonjwa pana takataka ya namna hii.

SI TAKATAKA ZOTE NI SUMU

Kwanza tusiogope bila sababu. Shirika la Afya Duniani (OMS) linatufundisha ya kama katika takataka zote za hopitali, karibu 85 kwa 100 ni sawa na zile za nyumbani: karatasi, kartoni, mabaki ya bukari, majani ya kufagia. Zile za hatari ni karibu 15 kwa 100 tu. Lakini hizo 15 zikichanganywa na zile 85, zote 100 zinakuwa za hatari. Ni sawa na tone la damu ndani ya ndoo ya maji: hutasema tena "maji haya ni safi, damu ni kidogo tu".

Zile za hatari ni gani? Ni vitu vyenye kuchoma ao kukata: sindano, wembe, vipande vya chupa za dawa. Ni vitu vyenye damu ao maji ya mwili: pamba, bandeji, mifuko ya mikono ya mpira iliyotumiwa. Ni vipande vya mwili, kama plasenta inayotoka kisha mtoto kuzaliwa. Ni dawa zilizopita tarehe. Na ni vipimajoto vya zamani vyenye zebaki ndani, ambavyo vikivunjika vinatoa mvuke wa sumu.

Ninyi baba mnaofanya kazi mu mine, hili mnalielewa kuliko wengine. Je, kuna mutu wa mgodi anayeacha baruti iliyobaki kwenye njia ya watoto? Hapana. Baruti ina sanduku lake, ina mutu wa kuilinda, ina namna yake ya kuharibiwa. Na hakuna anayesema: "Ni kidogo tu." Sindano iliyotumiwa nayo ni baruti. Tofauti ni hii: haitoi sauti. Mutu anachomwa leo, anafuta damu na nguo, anasahau. Ugonjwa unakuja kisha miezi, na pengine kisha miaka mingi.

YALIYOTOKEA YAMBUKU

Inchi yetu ilikwisha kulipa bei kubwa juu ya sindano. Mwaka 1976, katika kijiji cha Yambuku, kaskazini mwa inchi, karibu na Bumba, kulikuwa hopitali ya misioni yenye vitanda 120. Watu walitoka mbali kuja kutunzwa pale, kwa sababu hapakuwa mahali pengine penye dawa. Waliofanya kazi pale walikuwa na moyo mwema, lakini vyombo vilikuwa haba. Kila asubuhi sindano tano tu zilitolewa kwa kazi ya siku nzima: kwa wagonjwa wa inje, kwa waliolazwa na kwa wamama wa maternité. Kati ya mgonjwa na mgonjwa, sindano ilioshwa kwa maji ya moto kidogo tu. Pengine ilichemshwa magaribi.

Mwezi wa nane mwaka ule mwanaume mmoja alikuja na homa, akapigwa sindano ya malaria. Wagonjwa waliofuata walipigwa sindano zilezile. Ndivyo ulivyoenea ugonjwa ambao hakuna aliyeujua wakati ule, na ambao kisha uliitwa Ebola, kwa jina la mto mmoja wa upande ule. Watu 318 walipatwa, 280 wakafa. Waganga walipotafuta njia ya kuambukizwa, waliona ya kama watu 85 walikuwa wameupata kwa sindano za hopitali. Katika hao ambao sindano peke yake iliwaambukiza, hata mmoja hakupona. Na katika watumishi 17 wa hopitali, 11 walikufa. Mwisho wa mwezi wa tisa hopitali ilifungwa.

Kwa nini tunakumbusha mambo haya ya uchungu? Kwa sababu yanatuonyesha ukweli mmoja: sindano isiyoharibiwa kisha kazi yake itarudi kazini. Pale Yambuku ilirudi kwa sababu ya ukosefu. Siku hizi inaweza kurudi kwa njia ingine: mutu anaiokota penye takataka, anaiosha, anaifunga upya na kuiuza kama mpya kwa wale wanaotembeza dawa katika kambi za wachimbaji. Inang'aa, lakini ndani yake mna damu ya mutu mwingine.

KIKWIT NA DURBA

Mwaka 1995 Ebola ilitokea Kikwit. Watu 315 walipatwa na 250 wakafa. Kati ya waliopatwa, 80 walikuwa watumishi wa afya. Watawa sita kutoka Italia waliokuwa wakiwatunza wagonjwa walikufa nao. Ugonjwa ulizuiwa wakati watumishi walipopata mifuko ya mikono, nguo za kujikinga, na dawa ya javeli ya kusafishia, na wakati vitu vyenye damu na wafu vilipoanza kushughulikiwa kwa ulinzi.

Kisha, kati ya mwaka 1998 na 2000, ilikuwa zamu ya wachimbaji wa zahabu wa Durba na Watsa, kaskazini-mashariki. Ugonjwa wa Marburg, ndugu wa Ebola, uliingia kwa vijana walioshuka katika mgodi wa Goroumbwa, mgodi wenye popo wengi. Watu 154 walipatwa, 128 walikufa. Ugonjwa ulikwisha wakati mgodi ulipojaa maji. Msomaji wetu kijana unayeshuka shimoni, ona: homa ya mchimbaji mmoja si neno lake peke yake. Damu yake, matapishi yake, nguo zake, sindano aliyopigwa, vyote vinaweza kupeleka ugonjwa kwa mkewe na kwa munganga anayemsaidia.

ADUI WA KILA SIKU

Pengine utasema: "Ebola haiko kwetu Katanga." Sawa. Lakini kuna maadui watatu wanaokaa kila mahali: hepatiti B, hepatiti C, na virusi vya sida. OMS ilihesabu ya kama katika mwaka 2000 peke yake, sindano chafu duniani pote zilileta hepatiti B kwa watu milioni 21, hepatiti C kwa watu milioni 2, na virusi vya sida kwa watu 260 000.

Watu wengi wanaogopa sida zaidi, lakini angalia hesabu hii. Mutu asiyechanjwa akichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa wa hepatiti B, hatari ya kuambukizwa inaweza kufika 30 kwa 100. Kwa hepatiti C ni karibu 2 kwa 100. Kwa sida ni karibu 3 kwa 1000. Na virusi vya hepatiti B vinaweza kuishi inje ya mwili, katika damu iliyokauka, kwa siku saba ao zaidi. Damu imekauka, mutu anafikiri ni kutu tu. Kisha miaka mingi ini linaharibika, na jamaa wanasema amelogwa. Wanatafuta mchawi, wanagombana, wazee wanafukuzwa nyumbani. Kumbe chanzo kilikuwa sindano iliyotupwa vibaya.

Na nani anachomwa zaidi? Si munganga tu. Ni mama wa kufagia, ni mutu wa kufua mashuka, ni kijana wa pusi-pusi anayebeba takataka, ni mtoto anayetafuta vitu vya kuchezea. Wale wanaolipwa kidogo kuliko wote ndio wanaoshika mwisho wa sindano. Hili lituguse moyo.

KUFUNGA NI NUSU YA KAZI

Sasa tuje kwa dawa ya neno hili. Katika hopitali ao kituo cha afya kinachofanya kazi vizuri, utaona mambo haya:

1. Takataka zinatenganishwa palepale zinapozaliwa. Si kisha, na si na mama wa kufagia, bali na yule aliyetumia sindano, wakati ileile. Chombo cheusi ni cha takataka za kawaida. Chombo cha njano ni cha vitu vyenye damu.

2. Sindano haifunikwi tena na kifuniko chake. Wengi wanafikiri ni vizuri kuifunika, kumbe ndipo wanapochoma kidole cha mkono wa pili. Haipindwi, haivunjwi. Inatiwa moja kwa moja, pamoja na bomba lake, ndani ya sanduku la usalama.

3. Sanduku hilo ni gumu, haliwezi kutobolewa. Mara nyingi ni la kartoni ya njano, lenye tundu dogo juu. Lile la litre 5 linaweza kupokea sindano karibu 100. Likifika robo tatu linafungwa kabisa. Haliongezwi, halishindiliwi kwa mkono, halimiminwi ili litumiwe tena.

4. Takataka zilizofungwa zinawekwa mahali penye mlango na kufuli, hazilali inje penye mvua na mbwa.

5. Anayezibeba amevaa bote, mifuko minene ya mikono, na nguo ya kujikinga. Hakuna mchimbaji anayekubali kushuka bila kaski. Basi mbona tunamwacha mama huyu abebe sindano na mikono mitupu? Na tena inaomba awe amechanjwa hepatiti B.

Mwaka 1999 OMS, UNICEF na UNFPA walikubaliana ya kama chanjo zote zitolewe kwa sindano zinazojifunga zenyewe kisha kutumiwa mara moja, na ya kama chanjo zisafiri pamoja na masanduku ya usalama. Ndiyo maana mama anayepeleka mtoto wake kuchanjwa anaona lile sanduku la njano juu ya meza. Mama, liangalie. Likiwa limejaa mpaka sindano zinatokeza juu, sema kwa heshima: "Munganga, naona sanduku limejaa." Huo si utovu wa adabu. Ni kumlinda mtoto wako na munganga mwenyewe.

MOTO NA SHIMO

Wengi wanasema: "Choma tu, moto unaua yote." Kweli, lakini ni moto gani? Moto wa kawaida wa shimoni ao wa fûti hauna nguvu. Unaunguza plastiki nusu, unaacha sindano nzima katika majivu, na moshi wake mweusi una sumu ambayo jirani wanavuta. Tanuru nzuri ya hopitali ina vyumba viwili: katika cha kwanza moto unafika digri 850, katika cha pili unafika karibu 1100 ili kuunguza ule moshi. Ninyi watu wa shaba mnajua maana yake: shaba yenyewe inayeyuka kwa digri 1085. Sasa fikiri, je, karatasi na kibiriti nyuma ya dispanseri vitafika pale?

Mahali penye umeme wa kutosha kuna njia ingine isiyo na moshi: chungu kikubwa cha mvuke, kinachopika takataka kwa digri 121 ao zaidi mpaka virusi vyote vife. Kisha hapo zinaweza kusagwa na kuzikwa.

Lakini mahali pa mbali kama vile Lukafu, ambapo mvua za masika zinaharibu barabara na umeme si wa kutumainia, tanuru ndogo ya matofali na shimo lililochimbwa vizuri vinaweza kusaidia. Shimo hilo si shimo lolote. Inaomba liwe mbali na kisima ao mto, angalau metre 50. Chini yake pabaki metre 2 kabla ya kufika penye maji ya udongo, na hesabu hiyo ifanywe wakati wa mvua, si wakati wa kiangazi. Lizungushwe uzio, liwe na kifuniko na kufuli. Hata majivu ya tanuru yanatiwa humo, kwa sababu chuma cha sindano hakiyeyuki.

Vitu vingine havichomwi kamwe: vipimajoto vya zebaki, chupa za dawa zenye hewa ya kusukuma kwa sababu zinapasuka, na plastiki ya namna ya PVC. Dawa zilizopita tarehe zinarudishwa kwa mkubwa wa farmasi. Hazitupwi mtoni, na hazipewi jirani kama zawadi.

Plasenta nayo ina shimo lake, lenye kifuniko, ambamo inaoza yenyewe. Haichanganywi na sindano. Tena haimiminiwi javeli, kwa sababu javeli inaua vijidudu vile vinavyosaidia kuozesha. Jamaa fulani wanaiomba ili waizike nyumbani kama nkambo zao walivyofanya. Basi wasemezane na mzalishaji: ifungwe vizuri katika sashe isiyovuja, ishikwe na mifuko ya mikono, izikwe kwa kina, mbali na kisima, mbwa wasiifukue.

NA SISI NYUMBANI?

Usifikiri ya kama neno hili ni la hopitali tu. Pengine nkambo ana ugonjwa wa sukari na anajipiga sindano kila siku. Pengine munganga anakuja kutunza mgonjwa nyumbani. Pengine kuna wembe za kunyolea. Fanya hivi: twaa bido dogo la plastiki ngumu, ao chupa ngumu yenye kifuniko cha kuzungusha. Andika juu yake: HATARI, SINDANO. Liweke juu, mahali watoto hawafiki. Tia sindano ndani mara tu ikiisha kutumiwa. Likifika robo tatu, lifunge na kulipeleka kwa kituo cha afya ambako wana sanduku na shimo. Usilitie katika takataka ya kartié, usilitupe mu choo.

Ukinunua sindano, ona kwa macho yako ya kama karatasi yake haijafunguliwa. Na kabla ya kuomba sindano, uliza kwanza kama vidonge haviwezi kutosha. Katika miji yetu watu wengi wanafikiri dawa bila sindano si dawa. Kumbe sindano isiyokuwa ya lazima ni hatari mara mbili: kwa mwenye kuipigwa, na kwa mwenye kuiokota.

UKICHOMWA

Usifiche kwa haya, wala kwa hofu ya kugombezwa. Osha mahali pale kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka. Usibonyeze, usinyonye, usimimine javeli. Kisha kimbia hopitali siku ileile. Kuna dawa za kuzuia virusi vya sida, lakini inaomba zianzwe mbele ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora. Zinamezwa siku 28 bila kuruka hata moja. Waganga wataangalia pia habari ya chanjo ya hepatiti B. Watoto wetu wanapewa chanjo hiyo katika ile ya juma la 6, la 10 na la 14. Mama, usikose hata moja.

Na mzazi, mtoto akikuletea sindano, usimpige. Ukimpiga, siku ingine atachomwa na kunyamaza. Mwambie aiweke chini polepole. Ishike wewe kwa upande wa bomba, na koleo ao kitambaa kinene, uitie katika chupa ngumu. Muulize kwa upole: "Ilikuchoma?" Kisha muulize aliiokota wapi. Na hapo kazi yako haijaisha. Nenda pamoja na jirani wawili watatu mpaka dispanseri ile, mwonane na mkubwa wake, mseme bila kelele mliyoyaona. Pengine amekosa sanduku tu, ao mikono ya kuchimba shimo. Kijana mwenye nguvu ya kuchimba shaba hashindwi kuchimba shimo moja la dispanseri, na siku moja ya salongo inaweza kutosha kujenga uzio.

Sasa mama wa mwanzo ana la kumjibu mtoto wake: "Usitupe, mwanangu. Tutie mu chupa, tuifunge, tuirudishe kwa munganga."

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Nyumbani mwetu wembe na sindano zilizotumiwa zinaenda wapi?

2. Watoto wetu wanapita njia gani wakitoka masomo? Je, tumekwisha kuitembea sisi wenyewe?

3. Dispanseri yetu ina sanduku la usalama na shimo lenye kifuniko? Kama haina, sisi watu wa kartié tunaweza kusaidia nini?

4. Yule anayefagia na kubeba takataka kwetu, ana bote na mifuko ya mikono? Amechanjwa?